Mfalme Aliyesomwa Siku ya Posa

Mwaka ule kilichoninyima usingizi hakikuwa kazi wala viza. Lilikuwa swali moja: mfalme wetu, aliyekufa kabla Mreno hajaonekana pwani, alivishinda vile vita na mji wa ng'ambo au hakuvishinda? Nililala juu ya godoro katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mjomba, mtaa wa Rashidiya, Dubai, nikiligeuza swali upande huu na upande ule. Kama alishinda, dada yangu haolewi. Kama hakushinda, mjomba hatanisemesha tena. Na kama vita havikuwapo kabisa, na hivyo ndivyo nilivyoamini mchana nikiwa na akili zangu, basi mimi, mtu mwenye digrii ya historia, nilikuwa nakesha kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea. Nikifika hapo ndipo usingizi ulipotoroka moja kwa moja, kwa hasira.

Upande wa mama yangu kuna desturi ambayo sijaikuta kwa watu wengine. Posa ikiletwa, wageni wakishakaribishwa na kuketi, kabla hawajajibiwa neno lolote, husomewa mfalme. Hivyo ndivyo tunavyosema, kumsoma mfalme. Anasomwa tangu kuzaliwa kwake mpaka kuzikwa, ili upande unaotaka kuoa ujue unaoa wapi. Babu yangu, kwa maelezo ya mama, alikuwa akimmaliza mfalme kabla kahawa haijapoa. Alizaliwa, akatawala, akachimba kisima, akajenga msikiti wa mawe, akafa, Mungu amrehemu. Haya, semeni mlilojia.

Mfalme akaja kuangukia mikononi mwa mjomba.

Mjomba alifika Dubai akiwa kijana, wakati ambapo, kwa maneno yake, palikuwa na mchanga tu na watu waliopotea. Alianza kwa kushona matandiko ya viti vya magari ya watu wengine, mwisho akawa na karakana yake mwenyewe Al Quoz. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa, asiyeweza kuacha kitu kikabaki kidogo. Kila jengo jipya lilipoinuka kando ya barabara kuu, mfalme naye aliongezewa kitu. Alipata kasri. Kasri likapata minara ya upepo, ile ile iliyoko kwenye nyumba za kale za hapa Dubai, ya kuvuta hewa baridi ndani. Akapata mwewe wa kuwindia. Nilipokwenda kuishi kwa mjomba, mfalme huyo wa visiwa vya mikoko, mahali ambapo hata punda hupita kwa taabu, alikuwa tayari na ngamia wa mashindano.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu kama asingekuwapo dada. Dada ni binti pekee wa mjomba. Alikuwa amevuka thelathini, ana kazi nzuri ofisini Deira, ana gari lake, na alikuwa amekwishaposwa mara mbili. Mara ya kwanza mfalme alisomwa kutoka baada ya swala ya alasiri hadi adhana ya magharibi, na watu waliporudi kutoka kusali akaendelea kusomwa. Mzee mmoja wa upande wa pili alisinzia akakoroma. Mjomba akahesabu kwamba ametukanwa. Mara ya pili, ndugu wa mchumba aliuliza, kwa utani tu, kama huyo mfalme alikuwa na kibali cha makazi. Wageni wale waliondoka bila kuonja halua.

Sasa alikuja wa tatu, fundi wa ndege, mtu mpole aliyecheka kwa mabega. Mara hii dada alikuwa amempenda. Alinitamkia hivyo hivyo ndani ya gari, akinipeleka kazini asubuhi moja.

"Nampenda," alisema, macho barabarani. "Sina namna nyingine ya kulisema. Mfalme kanifukuzia wawili, nikanyamaza kwa sababu wale wawili sikuwataka sana. Huyu akiondoka, mimi siolewi tena, na wala sirudi kukaa kwenye nyumba ile. Sasa baba kakwambia wewe ndiye utakayeandika. Andika kitu ambacho hakitamfukuza mtu. Ni hilo tu."

Nilimwambia nitajaribu.

"Usijaribu. We ukijaribu ndiyo unaharibu. Andika tu."

Alikuwa akinijua. Mimi ni mtu ninayeweza kusimama mbele ya mashine ya vinywaji mpaka walio nyuma yangu wakaanza kusonya. Nilikuwa nimemaliza chuo nyumbani, nikatuma maombi ya ualimu yasiyojibiwa, ndipo mjomba akaniita. Niliajiriwa kuuza viatu kwenye lile duka kubwa la Al Barsha ambalo ndani yake watu huteleza juu ya theluji huku nje lami inayeyuka. Hata viatu nilivifikiria kupita kiasi. Madam akiniuliza kipi kinampendeza, mimi namweleza faida na hasara za vyote viwili, mpaka anaondoka na mikono mitupu.

Mjomba macho yalikuwa yamemdhoofika, na kumbukumbu ilianza kumchezea katikati ya masimulizi. Akaamua mfalme aandikwe. "Nina mpwa ana digrii ya mambo haya haya," aliwatangazia watu, "nimwache auze ndala?" Kwa hiyo kila siku yangu ya mapumziko nilipanda basi mpaka Al Quoz, nikaketi kwenye kiti cha mbele cha gari lisilokuwapo, maana kilikuwa kimeng'olewa kushonwa upya, na mjomba akanisimulia mfalme huku mafundi wakipiga nyundo na kompresa ikinguruma.

"Andika. Siku aliyozaliwa, wageni mia tatu walilishwa mahindi na muhogo wa nazi."

"Mjomba, mahindi hayakuwapo."

"Hayakuwapo wapi?"

"Pwani. Mahindi na muhogo vililetwa baadaye sana, na Wareno. Mfalme alikufa kabla yao."

Mjomba aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo wageni mia tatu walikula nini? Walikula upepo?"

"Mtama, labda. Mchele. Samaki."

"Labda." Alilitamka neno lile kana kwamba limetoka na unywele. "Mie nawaambia wakwe labda? Andika biriani."

Tukabishana kuhusu biriani. Tukabishana kuhusu mizinga, ambayo mjomba aliitaka sita juu ya ukuta wa mji. Nilipomletea kurasa za mwanzo, alimwita fundi wake mmoja amsogezee taa, akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"'Inasemekana alizaliwa katika mji wa mawe.' Inasemekana na nani?"

"Ndivyo tunavyoandika, mjomba, pale ambapo hakuna ushahidi wa..."

"Ushahidi ni mie. Mie ndiye ninayesema. Halafu huku tena, 'inasemekana alichimba kisima.' Maji ya kisima kile baba yangu kayanywa! Naye inasemekana kayanywa?" Akawageukia mafundi, Wapakistani wawili ambao hawakujua Kiswahili hata neno, akawaonyesha karatasi. "Angalieni. Digrii hii."

"Very good, arbab," mmoja akasema, akimwita bosi kwa neno la huko, akaendelea na nyundo yake.

Nilizifuta zile inasemekana zote. Ziliniuma, lakini nilijiambia kwamba kisima na msikiti havimdhuru mtu. Nilimpunguzia ngamia kidogo kidogo bila yeye kugundua. Mizinga niliigeuza mishale. Nilikuwa naanza kuamini kwamba mfalme atakwenda salama, mpaka tulipofika kwenye vita.

Katika simulizi ya mjomba, ng'ambo ya mlango wa bahari palikuwa na mji wa pili, wenye watu wakaidi, waliokataa kumtambua mfalme. Mfalme akavuka na majahazi, akawachapa siku nzima, akachukua pembe yao ya dhahabu iliyopulizwa kwenye sherehe, na watu wao akawaleta kuwa watumwa wa kubeba mawe ya msikiti. Mjomba aliisimulia sehemu hii akiwa amesimama, na kipande cha ngozi ya kiti begani. Niliandika kama nilivyoambiwa. Nilijua ni maneno ya kujifurahisha, na nilijua vile vile kwamba katika majlis, yaani baraza za wageni, nyingi za Dubai neno mtumwa halitamkwi na mtu akabaki ameketi. Lakini huo mji wa ng'ambo ulikuwa magofu tangu zamani. Nani angechukia?

Siku moja mjomba akiwa ametoka, gari kubwa la jangwani likaingia karakana, akashuka mzee nadhifu, kanzu nyeupe isiyo na doa. Alikuwa ami yake mchumba, kaka wa marehemu baba yake, ndiye atakayeleta posa. Alikuja kushonewa viti na, nadhani, kutuchunguza. Nilimpa kiti, tukazungumza. Aliniuliza kwetu wapi hasa, nikamweleza mlango wa bahari, magofu, kisima.

Akacheka. "Subhanallah. Basi sisi majirani. Asili yetu sisi ni ng'ambo ya pili."

Nilihisi jasho likishuka mgongoni, na karakana ile ilikuwa na feni mbili kubwa.

"Wazee wetu wanasema tulikuwa na mfalme," aliendelea, akifurahi kabisa. "Mkali! Kuna siku alivuka akawapiga majirani mpaka wakakimbilia mikokoni, wakala kaa siku arubaini. Samahani lakini. Majirani wenyewe ndio nyinyi." Akanipiga begani. "Pembe yao akaichukua."

"Pembe ya dhahabu?" niliuliza.

"Ya pembe ya ndovu. Kwani mnasimulia na nyinyi?"

Nilisema sijui vizuri. Akaniambia nijitahidi kuzijua habari za wazee, nikamwambia inshallah.

Mjomba aliporudi nilimweleza kila kitu, kwa utaratibu, nikianza na hatari, kwa matumaini kwamba atanisikiliza kama mtu anayepewa habari za moto jikoni. Uso wake ukaanza kung'aa.

"Kumbe ndio wao!"

"Ndio wao, mjomba. Kwa hiyo vita..."

"Kumbe ndio wao! Miaka yote hii nawasoma wasiokuwapo, leo wanaletwa mpaka mlangoni kwangu!" Alizunguka gari la yule mzee kama anayetaka kulinunua. "Sasa sikiliza. Vita vile uliviandika vyembamba. Vinenepeshe. Mfalme wao alikamatwa. Akaletwa kafungwa mguu, akakalishwa pale mlangoni mwa msikiti, watu wakitoka kusali wanamwona."

"Mjomba, watasimama waondoke!"

"Waondoke kwa nini? Mtu akiambiwa kweli anaondoka?"

"Na kweli yenyewe ni ipi? Wao wanasema walitushinda sisi."

Hapo aliacha kulizunguka gari. Nilidhani nimemfikia. Kumbe alikuwa akikusanya pumzi. "Wamekwambia wametushinda," alisema polepole, "na wewe ukakaa kimya? Ulikula chumvi ya nani, kijana wee?"

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya kuchosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niliandika vita ambavyo hakuna aliyeshinda, pande zote mbili zikarudi nyumbani kwa sababu ya mvua. Mjomba akauliza kama mfalme alikuwa na mafua. Niliandika vita ambavyo adui hakutajwa mji wala kabila. Akauliza, "Adui gani huyu hana kwao? Jini?" Niliandika sentensi moja tu, kwamba katika enzi yake palikuwa na vita na amani. Alinirudishia karatasi kwa vidole viwili, na chakula cha jioni siku hiyo tulikula mkewe akituangalia kwa zamu.

Nilimpigia mama simu kwa kadi, nikiamini yeye atakuwa na simulizi ya babu, ile ya asili.

"Vita?" mama alisema. "Baba hakuwahi kusema vita. Kisima ndiyo. Au ngoja. Mbona kama kulikuwa na kugombana kidogo. Kugombania ng'ombe. Sikumbuki. Unakula vizuri?"

"Mama, hili ni muhimu. Nani alishinda?"

"Ng'ombe? Sijui, mwanangu. Wewe si ndiye uliyesomea?"

Kazini nilikuwa na mwenzangu wa Nairobi, mwenye maneno mengi na subira kidogo, tuliyekuwa tukipanga naye masanduku ya viatu stoo. Nikamweleza mambo yote, pamoja na hoja zangu za kila upande. Alisikiliza mpaka tukamaliza rafu nzima.

"Wacha nikuulize," alisema. "Huyo king, kuna mtu alimwona?"

"Hapana."

"Kuna picha? Kuna kaburi?"

"Kuna magofu. Lakini magofu hayathibitishi..."

"Na dadako ako hai?"

"Yuko hai."

"Basi we ni mjinga, buda. Unahurumia mtu hakuwai kuwa." Akanirushia sanduku la saizi arobaini na mbili. "Ambia mzee zii, hutaki. Khalas."

Kwake ilikuwa khalas, yamekwisha. Kwangu mimi kila khalas ilizaa maswali mapya. Nikimkatalia mjomba, namkatalia mtu aliyenilipia tiketi, aliyeniweka nyumbani kwake, ambaye kila asubuhi huniachia nusu ya mkate wa ufuta kwa sababu aliwahi kuniona nikiupenda. Nikisoma kama anavyotaka, nampoteza dada. Nikibadilisha maneno papo hapo, nitakuwa nimetunga historia, na chuo kizima nilifundishwa kutofanya hivyo, japokuwa tangu nianze kazi hii nilikuwa nimekwishaita mizinga mishale. Nilifikiria kuugua siku hiyo. Nilifikiria hata kumwandikia ami yake mchumba ujumbe wa simu, nikauandika, nikaufuta, kwa kuwa sikuweza kuamua nianze na shikamoo au assalamu alaikum.

Siku mbili kabla ya posa dada aliniuliza, tena ndani ya gari.

"Wewe umesoma. Vita hivyo vilitokea au havikutokea?"

Nikamweleza kwamba kuna uwezekano palikuwa na ugomvi wa aina fulani, kwani miji ya pwani ilishindana kwa biashara, lakini simulizi za pande zote mbili zina dalili za kuongezwa baadaye, na kwamba pembe, kwa mfano, inaweza kuwa...

"Nimekuuliza swali moja."

"Sijui," nikasema.

Aligeuka akanitazama, ingawa taa ya kijani ilikuwa imewaka na gari la nyuma lilikuwa likipiga honi. "Sasa kwa nini huyasemi hayo? Mbele yao. Maneno yenyewe si hayo tu?"

Nilimwambia mambo si mepesi hivyo. Akaondoa gari kwa nguvu, akanishusha Al Barsha.

Posa iliwekwa Ijumaa baada ya alasiri. Majlis ya mjomba ilikuwa imefukizwa udi mpaka macho yakawasha. Wageni walikuja sita, wote wanaume, ami akiwa mbele na bakora yake ya fedha. Mchumba mwenyewe, kwa desturi, hakuja. Wanawake walikuwa chumba cha pili, na kati yetu na wao palikuwa na pazia la mlango lililotikisika kila mara feni ilipopita. Nilijua dada amekaa upande gani, kwa sababu upande huo pazia halikutikisika. Alikuwa amelishika.

Mjomba akawakaribisha kwa maneno mazuri. Kisha akaniashiria kwa kichwa. "Haya. Msome mfalme."

Nilisoma. Nilianza kwa sauti nyembamba, nikasikia mwenyewe ilivyo nyembamba, nikasita nikifikiria kama nianze upya. Nikaendelea. Mfalme akazaliwa. Wageni wakala mtama na samaki. Mjomba akakunja uso. Mfalme akasoma kwa walimu, akapewa kilemba baada ya baba yake, akaoa, akachimba kisima. Kisima kilikwenda vizuri. Mmoja wa wageni alisema "mashallah" pale maji yalipotoka. Mfalme akajenga msikiti, akatia mabakuli ya Kichina ukutani. Nikageuza karatasi, na juu kabisa ya ukurasa mpya nikaona, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Na ng'ambo ya mlango wa bahari palikuwa na watu wakaidi.*

Niliinua macho. Ami alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono juu ya bakora, akitabasamu. Wenzake wawili walikuwa wanatazamana. Nikaelewa kwamba wao nao walikuja na vita vyao tayari, wamevikalia tangu walipoingia, wanangoja nifungue mlango. Mjomba alikuwa amekwishanyoosha mgongo. Wanaume wazima, wenye sukari na presha, wamesali Ijumaa pamoja katika msikiti mmoja, wanangoja kuanza tena ugomvi wa ng'ombe wa watu ambao mifupa yao haijulikani iliko. Na mimi nilikuwa nimewapalilia njia kwa wiki nane, kwa mwandiko mzuri, nikihangaika na koma.

Nilichoka. Kama kuna neno lingine la kueleza nilivyoamua, silijui. Sikupima chochote. Niliziondoa kurasa za vita, nikazikalia, nikasoma:

"Kisha mfalme akazeeka. Akawaita wanawe..."

"Umeruka," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Rudi."

"Sirudi. Nimeruka kwa makusudi."

Feni ilipita juu yetu. Ami akagonga bakora kidogo kwenye zulia. "Mwache kijana," alisema, "huenda anatuonea haya. Vita tunavijua. Hata sisi tunavisimulia. Siku ile tulipovuka tukawapi..."

"Nani alivuka?" mjomba akauliza, akijinyanyua kwa mkono mmoja. "Nani alivuka kwenda kwa nani?"

"Ami, na wewe huvijui!"

Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Sikuwahi kumkatiza mtu wa umri ule maishani mwangu. "Samahani, lakini huvijui. Mjomba naye havijui. Mimi nimevitafuta, nimewauliza wenye kukumbuka, nimeandika matoleo mpaka mkono ukavimba, na sijui nani alishinda. Sijui hata kama vilikuwapo. Mama yangu anasema walikuwa ng'ombe. Siwezi kusoma mbele ya watu kitu ambacho hakuna anayekijua, halafu watu waondoke kwa sababu yake, na kuna mtu nyuma ya pazia pale anangoja jibu la maisha yake. Mfalme alichimba kisima. Hicho kipo, mjomba wangu kakuta baba yake akinywa maji yake. Basi. Akazeeka, akafa, akazikwa kusini mwa msikiti. Mungu amrehemu."

Niligundua kwamba nimesimama. Nikakaa.

Nilianza kufikiria basi la uwanja wa ndege linapita saa ngapi. Kisha mzee mmoja wa upande wa wageni, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aingie, akauliza, "Ng'ombe wangapi?"

Mtu akacheka nyuma ya pazia. Hakuwa dada, alikuwa mama yake. Ami alijaribu kubaki na uso wa mfalme wake, mabega yakamsaliti. Walikuwa wanacheka kwa mabega ukoo mzima. "Una ulimi, kijana," alisema. "Sikukujua siku ile." Akamgeukia mjomba, akatengeneza kanzu yake, akaanza maneno ya posa, yale rasmi, ya kuomba ua la nyumba hii.

Mjomba alisikiliza akitazama mbele, taya imekaza, kama mtu aliyewekewa kiti kibovu nyumbani kwake. Zamu yake ilipofika alisema kwamba posa imepokelewa, na kwamba binti ameulizwa na ameridhia. Aliyasema vizuri, bila kuongeza kitu. Halua ikaletwa.

Nilikuwa nashika sinia mlangoni mjomba aliponisogelea sikioni. Bado alikuwa na hasira, na ilinukia karafuu.

"Harusini," alinong'ona. "Harusini utasoma vyote. Na mfungwa mlangoni mwa msikiti."

"Sisomi, mjomba," nikamwambia, si kwa kunong'ona. "Tafuta msomaji mwingine." Nikazitoa zile kurasa za vita, ambazo nilikuwa nimezitia mfukoni, nikampa mkononi, nikaingiza sinia kwa wageni.